Kosa Langu Kwenye Santuri ya Bi Tatu

Mjomba,

Arobaini yako imepita, na bado nikiingia chumba cha muziki kule maktaba nageuka nikidhani umesema, "Tia ufunguo gramafoni, mpwa wangu." Meza yako wamempa karani mwingine. Kamera yako iko kwangu Temeke, juu ya kabati. Kadi za santuri naziandika mimi sasa, kwa mwandiko ule ule uliokuwa ukiucheka.

Kuna jambo sikukwambia. Unakumbuka ulichoandika gazetini juu ya santuri ya Bi Tatu, mwimbaji wa Buguruni, ilipofika mpya? Ulisema sauti yake imechoka, nzito, inaburura maneno, afadhali aache. Watu walikuamini, maana masikio yako yalijulikana mji mzima. Bi Tatu hakuimba tena, hata kwenye harusi za majirani zake.

Mjomba, siku ile ulipoisikiliza, sikutia ufunguo vizuri. Nilikuwa nimenuna, kwa sababu ulinigombeza kwa picha niliyoiharibu nikiisafisha. Nikazungusha mara tatu nne, nikaacha. Santuri ikazunguka polepole, na ikizunguka polepole sauti hushuka. Ulisikia uvivu wangu, ukauandika kwa jina lake. Nilipotambua niliogopa, nikanyamaza, mpaka umekufa nami nimenyamaza.

Juma lililopita niliipiga upya, ufunguo umejaa. Sauti nyepesi, Mjomba, inapanda juu bila kutetereka! Mwili ulinisisimka. Picha uliyompiga Bi Tatu akiimba iko ukutani mle maktaba, mdomo wazi, na tangu siku hiyo siwezi kukaa nikiipa mgongo.

Jana nilibeba gramafoni mpaka kwake. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kumbe sikuwa mgonjwa." Miaka yote hiyo alikuwa akinywa dawa za koo. Nililia pale pale barazani kwake, bila haya.

Nimeandika sahihisho. Litatoka pale pale ulipokuwa ukiandika wewe, na litasema kwamba ulikosea, na aliyekukosesha ni mimi. Najua ulivyolipenda jina lako. Najua wapo watakaokucheka na kaburi lako halijakauka. Nisamehe. Lakini yeye yu hai, Mjomba, na wewe umekufa.

Kwaheri. Nitakusomea dua kila Ijumaa. Na ukija kunigombeza, nikasikia viatu vyako nyuma yangu kule chumba cha muziki, sitakimbia.

Mpwa wako