Mguu Sawa, Kliniki ya Mifupa

Shosti, acha hicho unachofanya usome hii.

Yule kapteni wa jeshi niliyekwambia anasomea shahada ya biashara, ile ya kuendesha hospitali? Leo kaja kliniki yetu ya mifupa kwa mafunzo ya vitendo. Eti "kuondoa foleni". Na tunaambiwa akihitimu ndiye atakuwa mkuu wetu!

Foleni yenyewe wagonjwa thelathini. Nusu wana plasta, wengine magongo.

Mtu kasimama mlangoni, kavuta pumzi, kapaza sauti: "MGUU SAWA!"

Mguu sawa. Kliniki ya mifupa!!

Babu mmoja mwenye plasta mpaka pajani akamjibu kwa upole kabisa: "Mwanangu, ungekuwa sawa ningekuja hapa kufanya nini?"

Watu wakavunjika mbavu, na mahali penyewe ndipo. 😂

Yeye wala hakutabasamu. Katoa kidaftari, kaandika huku anasoma kwa sauti: "Wateja hawana nidhamu." Wateja! Babu wa watu na plasta yake!

Sasa sikia kinachoniuma. Nataka kumcheka, najitazama, nimesimama wima. Visigino pamoja, faili kwapani. Mimi! Kliniki nzima, mimi peke yangu!

Akaniangalia juu mpaka chini, akaandika tena: "Muuguzi mmoja anafaa."

Kisha akanipita, akasema taratibu, "Mguu pande."

Shosti, na mguu wangu usio na haya ukaenda pande.