Mke wa Mtu wa Angani

Jumapili, 9 Juni. Asubuhi baridi na upepo wa vumbi hapa Chemchem.

Rehmat, mama mkwe wangu, Mama Josepha, amelia mbele ya wageni!

Runinga ilikuwa na kichekesho. Ni ile hadithi ya Kiyunani ya darasa letu la jioni, mimi na wewe, mke anamngoja mumewe miaka ishirini, ila huyu mume kapotea angani na mke anaposwa na maroboti. Watu mbavu hawana.

Mama Josepha hakucheka. "Huyu amengojea nyumbani kwake. Mimi mwaka sabini na nne walinihamishia kijiji cha ujamaa, mume wangu Kasimiri yuko Kigoma anatafuta kazi. Nyumba ikabomolewa. Kama alirudi, alimkuta nani?"

Alimkuta nani! Miaka hamsini hajamwona, Rehmat. Ee Mungu.

Mume wangu akazima runinga, akapiga magoti. "Mama, hawa wote mashahidi. Siku yako ikifika tutakuzika palepale ilipokuwa nyumba yenu, baba akija akukute."