Mstari wa Undugu

Jumatatu, 3 Juni 1996

Mwaka wa nne tangu nirudi kutoka Madras, India, na cheti cha kupandikiza figo. Figo nilizopandikiza hapa nchini: sifuri! Leo nimepasua ngiri tatu na jipu. Mama huko Tukuyu anawaambia watu wa kanisani binti yake anahamisha mafigo. Nahamisha mafaili mie! Mgonjwa akija natafuta mtoaji, nawapima, kamati inapitisha, wanapanda ndege, Wahindi wanapasua. Basi.

Ila safari hii nakwenda nao. Profesa wangu wa zamani kaleta faksi: figo la mtoaji nitalitoa mwenyewe, kwa mikono yangu. Tunaondoka Alhamisi ya wiki ijayo. Mgonjwa ni Tunu, mwalimu wa Kiwalani, miaka ishirini na sita. Mtoaji ni kaka yake Badru, fundi cherehani, hana hata kikohozi. Damu kundi moja. Nilipomuuliza kama ni ndugu wa damu kweli, akajibu, "Dokta, sie tumenyonya ziwa moja." Nikaandika: mama mmoja.

Ijumaa, 7 Juni

Mgawo wa umeme tena. Mashine ya kusafisha damu imezimika katikati, Tunu bado kaunganishwa! Uso umemvimba, macho hayaonekani. Nimemkuta anasahihisha madaftari ya darasa la tatu kitandani. Nikamwambia apumzike. Kasema akifa leo, kesho watampa nani asahihishe?

Jumamosi, 8 Juni

Nimeumbuka! Nilikuwa namalizia fomu tu. Nikamuuliza mama yao, Bi Mauwa, "Badru ulimzaa mwaka gani?"

"Sikumzaa."

Nikadhani hajanisikia. Nikarudia kwa sauti.

"Mwanangu, nimekwambia sikumzaa. Mama yake alikuwa jirani yetu, alifariki siku ya tatu baada ya kujifungua. Mie nina Tunu wa miezi miwili. Nikawaweka, mmoja huku, mmoja huku." Na mikono anaonyesha!

Kwao Waislamu hao ni ndugu, hata kuoana haramu. Kwetu nimezoea ziwa moja ni mama mmoja, kwisha habari. Miaka yote hii nahoji watu, kumbe Kiswahili chenyewe sikijui.

Tangu Wahindi wabane biashara ya figo, mtoaji lazima awe mzazi, mtoto, ndugu wa kuzaliwa, mume au mke. Baba yake Tunu ni marehemu, Bi Mauwa ana kisukari. Tunu hajaolewa. Amebaki Hija, kaka mkubwa, anauza mitumba.

Jumatatu, 10 Juni

Jana ukoo umekaa kikao, Hija kasema ndiyo mbele ya wajomba wote. Leo nimempima, damu inakubali. Nusura niruke!

Lakini kila mtoaji namhoji peke yake. Nikafunga mlango. Mwanamume mzima akaanza kulia. "Dokta, sema sifai. Mbele ya mama ningesema nini? Naogopa kisu, mke wangu ana mimba, nakuomba sema sifai."

Niseme ukweli humu: nilitaka kumwambia ajikaze. Nilimfikiria Tunu. Halafu nikajifikiria mwenyewe, Madras, kisu mkononi, na hapo nikaona aibu. Asiyetaka hakatwi. Nimetoka nikawaambia kuwa mishipa ya figo lake imekaa vibaya, hafai.

Bi Mauwa akaangua kilio. "Na huyu naye mgonjwa?" Jamani! Sikulifikiria hilo hata kidogo. Nimemtua Hija mzigo, nimemtwika mama yake.

Jumanne, 11 Juni

Dokta Kornelio, mwenyekiti wa kamati, kasema kama kesho saa nne hakuna mtoaji, tiketi wanapewa wengine. Mashine iliungua ule umeme uliporudi, hadi leo mbovu. Fundi kasema kesho. Kesho ya nani? Tunu hawezi kulala chali tena, maji yameingia mapafuni. Ana siku chache. Sitaki kuzihesabu.

Jumatano, 12 Juni

Asubuhi sijanywa hata chai, Bi Mauwa huyo mlangoni kwangu Kinondoni. "Hija hana ugonjwa wowote. Jana kala pilau sahani mbili, anapiga mluzi. Mwoga wangu namjua tangu jando. Mwandike Badru." Nikamweleza sheria. Akaniuliza, hiyo sheria ilikuwapo wakati ananyonyesha? Haya, mjibu!

Sasa hivi tuko chumba cha kamati. Kornelio kamwonyeshea Badru kidole, kamuuliza Bi Mauwa, "Mama, huyu ni mwanao?"

"Mwanangu."

"Wa kumzaa mwenyewe?"

"Kanyonya haya hapa!" Bi Mauwa kayashika maziwa yake yote mawili, na kanga juu. Wanaume watano wa kamati wote wakatazama meza. Kornelio kakohoa weee, kisha, "Inatosha, mama, inatosha." Kanisukumia fomu: "Dokta Atuganile, wewe ndiye unayewajua. Jaza mstari wa undugu, nije nisaini." Halafu katoka kupokea simu.

Mstari wenyewe mfupi, neno moja linatosha. Nikiandika "kaka", Kiswahili hakinisuti. Ila ninajua wanachouliza. Wahindi wakigundua, cheti changu hakina kazi, na wagonjwa wa huku watafungiwa mlango. Nikiandika ukweli, Tunu hafiki Jumapili.

Badru kakaa karibu na dirisha, kakunja mikono ya shati hadi kwenye viwiko, utadhani wanamkata hapahapa. Hija hakuja.

Nimetoa daftari hili badala ya kujaza. Kurasa mbili sasa. Simu ya Kornelio imekwisha, namsikia anacheka na mtu koridoni.

Bi Mauwa ananitazama mkono. Kaniinamia sikioni: "Mwanangu, mbona unaandika kwingine?"