Mpangaji wa Chumba Chako

Kwako mwanangu mpendwa,

Ni mimi baba yako, mwenye miaka sabini na tisa, niliyemzika mama yako, ndugu zangu wote, na hata kile kiwanda cha kuyeyushia chuma nilichoingia sina ndevu. Pokea salamu nyingi. Mkwe wangu hajambo? Wajukuu wanakua? Hali yangu nitaieleza mbele, usiruke mistari.

Mtaa wetu huujui tena. Kiwanda sasa ni vioo vitupu, wanakiita Kitovu cha Ubunifu, na pale tulipomwaga majivu ya tanuru wamepanda nyasi. Jiji linaita wataalamu kutoka kila pembe ya dunia, linawapa vibali vya kuishi upesi upesi na ofisi za bure. Majirani karibu wote wameuza nyumba. Waliponijia mimi watu wa jiji na tai zao, niliwaambia wasubiri nife, na kufa sina nafasi. Basi wakakosa pa kuwalaza wageni wao, wakaniomba chumba chako. Nikakubali. Usinune. Kitanda ni kile kile, ila meza yako imejaa nyaya.

Mpangaji wangu ni mhandisi wa rika lako, anatengeneza betri za mabasi. Kwao ni mbali, hata jina la mji linanishinda. Ana akili, ingawa wewe umemzidi, na nilimwambia hivyo siku ya kwanza. Lugha yetu alifundishwa na simu, basi kila asubuhi huniamkia shikamoo mzee mheshimiwa sana, mpaka fundi cherehani wa kona hana mbavu. Huyo fundi akasema nimetoa mwana nchi za watu, nimerudishiwa wa watu kama chenji. Nilimtukana, lakini neno lile lilinikaa.

Juzi juzi mpangaji akaletewa habari kuwa baba yake kalazwa, hali si nzuri. Akaja jikoni kuniuliza afanyeje, maana mzee wake hapa ni mimi. Alisema wiki ile ndiyo wakubwa wanakuja kuangalia kazi yake, akiondoka kazi atapewa mtu mwingine. Mimi nikapiga kifua. Nikamwambia sisi wazee hatufi ovyo ovyo, mimi chuma cha moto kilinimwagikia mguuni na kazi nikaendelea nayo. Nikamwambia baba yake atamdharau akimwona amekuja kulialia. Akanisikiliza. Akabaki.

Wakubwa walimpigia makofi. Kesho yake baba yake akafa.

Mazishi aliyaona kwenye simu, amekaa kitandani kwako. Nilimshikia mimi hiyo simu. Picha ikaganda wakati jeneza liko nusu shimoni. Tukakaa tunamtazama mzee wa watu ananing'inia, hapandi hashuki, na mtandao uliporudi kaburi limeshafukiwa. Kijana hakunilaumu. Alisema asante baba. Afadhali angenipiga.

Sasa hali yangu. Kile kikohozi ninachokuambia ni vumbi la ujenzi, si vumbi. Pafu moja limekwisha na la pili limeanza. Daktari amesema mwaka huu sitaumaliza. Dada yako anajua, nilimkataza asikuambie. Nimeandika kwa mkono wangu huu mzito kwa sababu kwenye simu, nikisikia sauti yako tu, ulimi unaanza kujisifu. Ukipata barua hii utanipigia, nami nitacheka, nitasema uzee unaniandikisha upuuzi, wewe fanya kazi zako. Usinisikilize. Njoo, mwanangu. Njoo ningali na pumzi ya kugombana na wewe. Mpangaji amesema atalala sebuleni.

Wasalimie mkwe wangu na watoto, uwaambie babu yao anawapenda, hilo sijawahi kulisema kwa mdomo. Na kama unadhani natia chumvi kama kawaida yangu, muulize dada yako, muulize daktari wa kifua. Au muulize mpangaji. Yeye analala chumbani kwako, na unajua ukuta ule ulivyo mwembamba, kikohozi changu anakisikia mpaka alfajiri.

Ni mimi,
Baba yako