Meza ya Kifuniko cha Kuviringika

Dar es Salaam, 12 Machi 1995

Baba mpendwa,

Mwangaluka. Mimi mzima, ila mawazo. Mama anasema tangu ushirika ulipokupunguza kazi ya ukarani umeleta nyumbani meza ya ofisi ya Maswa, unakaa mbele yake hadi ugali unapoa. Anataka itoke sebuleni kabla ya mavuno.

Ni ile ambayo kifuniko chake cha vipande vya mbao hushuka kama pazia? Nimesoma kwamba Wamarekani walitengeneza meza kama hizo kwa wingi zaidi ya miaka mia iliyopita. Makarani walizipenda: mgeni akibisha, unavuta kifuniko, vurugu yote inapotea bila kupangwa. Kisha yakaja makabati ya chuma, zikatupwa.

Lakini mbao inapindaje bila kuvunjika? Swali hili linaninyima usingizi.

Mwanao, Scola

Bariadi, 9 Aprili

Scola mayu,

Mwangaluka. Hatujambo, mvua inasuasua.

Ndiyo hiyo. Miaka yote niliifungua bila kujiuliza. Sasa najua, kwa kosa langu. Kifuniko kilikwama, nikakipaka samli kama tunavyolainisha ngozi ya ng'ombe. Panya wakaifuata. Kumbe nyuma ya vipande kuna kitambaa kilichogundishwa! Ndicho kinachopinda, mbao zinafuata tu. Wamekila, vipande vimemwagika sakafuni.

Baba yako mdogo Bundala anacheka: "Karani amepata banda la kuku!" Mama yako amemruhusu aje na mkokoteni kuichukua mwisho wa Mei.

Mayu, ni kazi pekee iliyobaki mikononi mwangu. Kitambaa gani?

Baba yako, Ngassa

Dar es Salaam, 2 Mei

Baba,

Mwangaluka. Miguu ya mama iliyokuwa ikimuuma imepona?

Nimemuuliza seremala: turubai la pamba, lisilovutika. Laza vipande kifudifudi, vibanane. Gundi isiingie kati ya vipande, kifuniko kitakuwa ubao mmoja. Na samli ule na ugali!

Kikishuka kinatoa sauti gani? Uniambie.

Scola

Bariadi, 4 Juni

Mayu,

Mwangaluka. Miguu imepona, utaona hapa chini.

Turubai sikuwa nalo. Mama yako alinitazama nikipanga vipande, akaingia ndani, akatoka na lake la kuanikia pamba. "Kata," akasema, "kabla sijabadili nia."

Bundala alipofika na mkokoteni, kifuniko kilikuwa tayari kinashuka tena. Sauti yake ni kama mtama ukimiminwa kwenye ungo. Mama yako akakivuta. Akakipandisha. Akakivuta tena.

"Mektilda, nipishe," nikamwambia.

"Nenda kawanyweshe ng'ombe maji. Mimi bado naangalia."

Bundala amerudi na mkokoteni mtupu. Barua hii naiandikia jikoni.

Baba yako, Ngassa