Nimwombe Nani Radhi?

Mpendwa Mama Harivelo wa redio,

Nisaidie, mwanangu, maana nimebanwa na jambo ambalo siwezi kumwambia mtu wa nyumbani, na kwa desturi yetu ningekuomba radhi kwanza kabla sijafungua mdomo, lakini huko kuomba radhi ndiko kulikoniponza, kwa hiyo nivumilie nikiingia bila kupiga hodi.

Mimi ni Ralambomahay, wa kijiji kimoja cha milimani karibu na mji wa Ambositra, umri wangu miaka themanini na moja, na kazi yangu ukiacha mpunga ni kusema, yaani watu wakija kuposa, au tukifungua kaburi kuwavisha wazee wetu sanda mpya, mimi ndiye ninayesimama na mgolole begani na fimbo mkononi, na wasichana wengi wa bonde hili wameolewa kwa mdomo wangu, na mpaka leo sijasikia aliyerudi nyumbani akanilaumu mimi, wote wanawalaumu waume zao.

Sasa unajua kwetu mtu hasimami tu akaanza kubwabwaja. Anaanza kwa kusema mimi si baba, mimi si kaka, mimi ni mdogo tu niliyetumwa, wakubwa wamekaa nami nimesimama, lawama iniepuke. Nimeyasema maneno hayo tangu ndevu hazijaota vizuri, na miaka hii ya mwisho kila nilipoyasema nilikuwa namtazama Rabenandro, aliyenizidi miaka minne na aliyekuwa msemaji hodari kuliko mimi, mtu mkali, ukipindisha methali moja anakutoza faini ya kuku mbele ya wakwe, na nilimwogopa na kumpenda kwa pamoja. Alikuwa amekaa pale ukutani, pembe ya kaskazini, nami nikisema "mimi ni mdogo" anainua kidevu kidogo tu, basi, hapo ulimi wangu unafunguka na hakuna wa kuufunga.

Na unajua pia tunavyokaa, wadogo kusini karibu na mlango, wakubwa kaskazini, na mzee akifa wote tunasogea. Nilianza mlangoni kabisa, upepo wote wangu. Kusogea kulikuwa kutamu, sikatai, siku ya kwanza nilipopewa kitako cha kuku, kile kipande cha wakubwa, nilikitafuna polepole ili kila mtu apate nafasi ya kuniona. Lakini majira ya baridi yaliyopita Rabenandro akafa, tukamzika kwa heshima zote, na kwenye posa iliyofuata vijana wakaniambia, "Babu, sogea," nikasogea, mgongo ukagusa ukuta. Mama Harivelo, ule ukuta ni wa baridi, hakuna aliyewahi kuniambia. Nikasimama, nikaanza, mimi si baba, mimi si kaka, nikageuka kumtafuta mtu wa kumtazama, nikaona vichwa vyeusi na vipara vya watoto niliowahi kuwafuta kamasi, na wote wamekodoa macho wakisubiri niseme kwamba mimi ni mdogo. Kwa nani? Ulimi ukakwama. Nikajishika koo nikakohoa, wakaniletea asali, akasimama mtu mwingine akamalizia.

Ukweli ni kwamba sikuwa najua kuwa mimi ni mzee. Najua magoti ni ya mzee, macho ni ya mzee, mkojo nao una mambo yake, lakini huko ndani anakokaa mwenye nyumba kuna kijana anayetumwa, amesimama tayari, anangoja aambiwe nenda. Mzee alikuwa Rabenandro. Siku tuliyomzika nililia kama wengine, lakini nilivyolia pale ukutani, kimya kimya, huku nimeshika bakuli la asali, sikuwahi kulia hivyo kaburini.

Sasa kuna mjukuu wangu Mbolatiana, anaposwa baada ya mavuno, na ameapa, "Babu, usiponisemea wewe siolewi, nitakaa hapa nizeeke na wewe." Nimemwambia koo bado halijapona. Posa imeahirishwa mara mbili, upande wa bwana harusi wameanza kununa na kuulizana kama tunawataka au hatuwataki, na mwanangu, baba yake Mbolatiana, anataka kumkodi kijana mmoja wa mjini anayesoma hotuba kwenye simu na kuja na spika zake mwenyewe. Mbolatiana hataki kumsikia. Kila asubuhi anakwenda kunichumia majani, ananichemshia, anakaa mbele yangu mpaka nimalize kikombe. Ni machungu, nayanywa.

Aliyenigundua ni dada yangu Vaonoro peke yake, ambaye ninaishi naye tangu afiwe na mumewe. Alininasa shambani nikiwaswaga ng'ombe kwa sauti iliyofika ng'ambo.

"Koo limepona?" akaniuliza.

"Linapona likiona ng'ombe."

"Muongo mkubwa. Wewe mtoto unaogopa."

"Mtoto gani wa miaka themanini na moja?"

"Huyu aliyekuwa ananikojolea mgongoni nikimbeba."

Nikamwambia, "Dada, mambo ya wasemaji huyajui. Nimebaki mzee peke yangu, hata huruma hunionei?"

Akaangua kicheko mpaka mzigo wa kuni ukataka kumwanguka. "Mzee! Mzee ni yule bibi wa ng'ambo ya mto asiye na jino hata moja. Mimi bado ninayo mawili, tena yanakutana!"

Ndivyo alivyo huyo, ana miaka themanini na sita, anapanda kilima na kuni kichwani, anasuka mikeka ambayo watu wanatoka mbali kuifuata, na ukimwambia apumzike anakuuliza apumzike nini. Namheshimu mno. Lakini posa si mambo yake, siku kama hiyo yeye yuko kusini kwenye sufuria, na bila yeye wali wa umati ule hauliki.

Basi niambie, mwanangu. Nisimame niseme mimi ni mdogo wakati kila mwenye macho anaona ni uongo, tena uongo mbele ya mababu na siku ya mjukuu wangu? Au nimwachie yule wa simu na spika, Mbolatiana alie? Nimefika ukutani, sina tena pa kusogea.

Ni mimi, mdogo wenu,
Ralambomahay

*

Babu Ralambomahay,

Mimi si mama yako, mimi si dada yako, mimi ni mtoto wa nyuma kabisa aliyepewa kipaza sauti cha redio. Wakubwa wamekaa wanasikiliza nami ninasema, na ninayotaka kuyasema leo yana pilipili. Lawama iniepuke.

Haya. Radhi nimeiomba, na huko uliko nina hakika kidevu kimepanda chenyewe. Umeumia wapi?

Kwanza nikupe haki yako. Wazee wengi huniandikia. Wananieleza magoti, wananieleza wana wasiopiga simu, wakwe wanaowatilia chumvi kidogo kwenye mboga. Sijawahi kupata barua ya mzee aliyekosa usingizi kwa sababu hataki kuwadanganya watu kwa neno dogo ambalo kila msemaji hulitamka bila kulifikiria. Niliisoma barua yako studioni, na fundi wetu, ambaye kwa kawaida hasikilizi chochote ila mpira, alivua vile vidude vya masikioni akaniambia nianze tena mwanzo. Mtu kama wewe bonde lenu halina wawili, na nasema hivyo kwa kukuvulia kofia.

Lakini majani, Babu! Binti wa watu anaamka na umande kuchuma majani ya koo ambalo linaswaga ng'ombe mpaka ng'ambo. Anakaa mbele yako kwa mapenzi, nawe unameza huku unamtazama usoni. Unaogopa kusema uongo mmoja siku ya posa, na kila asubuhi unakunywa uongo kikombe kizima! Nimeona haya kwa niaba yako.

Halafu turudi kwa Rabenandro wako. Unasema alikuwa akiinua kidevu nawe ulimi ukifunguka. Hukuwahi kujiuliza yeye alikuwa akimtazama nani? Naye mgongo wake ulikuwa ukutani, na hakuwa na miaka mia mbili, alikuwa amekuzidi minne tu! Huenda naye huko ndani alikuwa na kijana wake anayengoja kutumwa. Lakini alikaa. Alikaa pale kwenye baridi, hakulalamika, akakuinulia kidevu posa baada ya posa ili wewe uendelee kuwa mdogo. Hicho alikupa bure, nawe hukujua kuwa umepewa. Sasa yule kijana wa mjini unayemcheka, siku atakapotumwa kwenu na upande wowote, ataanza na maneno yaleyale: mimi si baba, mimi si kaka. Atamtazama nani, kama wewe umejifungia na kikombe chako?

Na sasa hili ambalo limenikera kuliko yote. Umeandika kwa mkono wako mwenyewe kwamba dada yako ana miaka themanini na sita. Wewe una themanini na moja. Hata kwa hesabu za Ambositra, Babu, huyo ni mkubwa wako. Umelia ukutani, umezunguka chumba kizima kwa macho ukitafuta aliyekuzidi, na aliyekuzidi alikuwa kwenye sufuria anakupikia. Amekubeba mgongoni, umemkojolea, umezeeka mbele ya macho yake, na bado hukumwona. Unasema unamheshimu mno. Heshima gani hiyo inayoishia jikoni?

Mwanamke huyo nimempenda kabla sijamwona. Meno mawili yanayokutana! Nikifika umri wake nikiwa na nusu ya moyo wake nitashukuru. Yeye hajui ukuta wala baridi ya ukuta, maana hakuna aliyemkalisha huko.

Sasa sikiliza, na ufanye kama ninavyosema.

Leo hii, ukishazima redio, mwite Mbolatiana umwambie koo ni zima na lilikuwa zima. Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki, na kesho majani hatachuma, utakunywa chai kama binadamu wengine. Mwambie mwanao apeleke habari kwa wakwe kwamba siku imepangwa na haibadiliki tena.

Siku yenyewe, watu wakishaketi, usikae. Nenda jikoni wewe mwenyewe, usitume mtoto, mshike dada yako mkono, umlete mpaka pembe ya kaskazini, umkalishe pale ukutani, mahali pa mkubwa. Wewe kaa chini yake. Atakataa, namjua ingawa simjui. Atakwambia wali utaungua. Mwambie uungue, tutachemshia maji kwenye ukoko tunywe, kwani siku nyingine baada ya wali tunakunywa nini? Kitako cha kuku apewe yeye, na atafune kwa yale mawili polepole kama ulivyotafuna wewe. Akitokea mzee wa kunong'ona kwamba posa si mahali pa mwanamke kukaa juu, muulize kwa adabu ana miaka mingapi.

Kisha simama, mtazame Vaonoro, umtaje kwa jina, useme wewe ni mdogo. Utakuwa umesema kweli tupu, na mababu hawatakuwa na neno.

Ningeweza kuishia hapo, nawe ungefurahi. Lakini sitakudanganya. Themanini na sita ni themanini na sita, kuni au bila kuni. Ipo siku utaambiwa tena sogea, na safari hiyo jikoni hakutakuwa na mtu. Umetia saini "mdogo wenu", Babu, na nadhani ugonjwa wako wote uko pale. Umelisema neno hilo vizuri mno, kwa miaka mingi mno, mpaka bonde zima likaamini, na wewe ukaamini kuliko wote. Uzee ulikuwa unakuja kwenye kila posa, unakaa, unakusikia ukiukana mbele ya mashahidi, unaondoka zake.

Siku hiyo usiniandikie. Usishike koo. Simama na mgolole wako na fimbo yako, uvitazame vile vichwa vyeusi na vile vipara ulivyovifuta kamasi, useme ambalo hujalisema hata mara moja tangu uzaliwe: "Wanangu, mimi ndiye mkubwa wenu. Niwieni radhi."

Halafu wangoje. Wataitikia.