Uso wa Ukurasa wa Tisa

Jumanne, masika. Mawingu yamekaa juu ya Kariakoo tangu alfajiri na mvua yenyewe haikushuka mpaka alasiri. Goti langu la kushoto lilishanieleza toka jana.

Naandika mwenyewe, kwa kidole kimoja. Binti yangu Mwajuma, aliyenifungulia ukurasa huu wa mtandaoni, anataka mimi niseme yeye aandike, eti tutamaliza haraka. Sitaki. Shule niliishia darasa la pili, na kusoma kwenyewe nimejifunza ukubwani, kwenye vitabu vya katuni, picha kwanza maneno baadaye. Lakini haya ni yangu na kidole ni changu. Na ya leo sitaki ayasikie kabla hayajaandikwa.

Kwa mgeni: mimi ndiye Babu Katuni. Toka Gerezani mpaka Mnazi Mmoja hakuna mwenye vitabu vya katuni vilivyoharibika kiwandani kama mimi. Sisemi vilivyochanika, hivyo anavyo kila mtu. Nasema vilivyozaliwa na kasoro. Ninacho ambacho jambazi anakamatwa ukurasa wa tatu halafu anakwenda kuiba ukurasa wa kumi, maana karatasi zilipangwa ovyo. Ninacho cha bibi harusi mwenye midomo miwili, mmoja mahali pake na mwingine shavuni, kwa sababu rangi nyekundu ilihama. Ninacho chenye jalada la mbele hata nyuma, hujui uanzie wapi. Wamekuja vijana wa maofisini Posta na kamera zao, wamekaa kwenye mkeka wangu, wanafunua kwa ncha za vidole kama wanashika mtoto mchanga. Mmoja aliniita hazina ya taifa. Sikumkatalia.

Ila ninachokisaka hasa ni kimoja.

Kinaitwa Maji ya Bondeni. Kilitoka mwaka mmoja baada ya yale mafuriko yaliyotuhamisha sisi wapangaji wa Jangwani, zaidi ya miaka ishirini sasa. Ukurasa wa tisa kuna mwanamume wa shati la njano, kasimama juu ya bati la nyumba. Kashika kamba, na kamba imefungwa kwenye mkokoteni unaoelea. Chini yake kuna mwanamke majini, mkono juu.

Kwenye nakala nzima, yule mwanamume ni mnene, ana ndevu. Kwenye nakala mbovu hana uso. Fundi mmoja mstaafu wa mitambo alinieleza kilichotokea: kikaratasi cha ukubwa wa kucha ya dole gumba kiliganda kwenye mtambo, pale pale penye uso, na mpaka mtu akione akibandue, nakala kadhaa zilishatoka. Shingo ipo, nywele zipo, masikio yapo kwa mbali. Katikati peupe.

Na watoto hawawezi kuona peupe wakapaacha.

Kila nakala mbovu niliyoipata mikononi mwa watu, uso umeshachorwa kwa kalamu. Mmoja kamvalisha miwani ya jua. Mmoja kamwotesha pembe. Mmoja kabandika picha ndogo ya pasipoti ya mtu mwenye tai, nadhani mwalimu wake, maskini. Ninazo thelathini na saba. Watu huniuliza, Babu, kwa nini hicho hicho kila siku? Nawajibu ni adimu. Ni adimu kweli. Lakini siyo sababu.

Leo saa nne asubuhi akanipigia Mama Neema, mama wa Kimachame anayeuza madaftari ya jumla mtaa wa tatu kutoka kwangu. Nikaenda.

"Shikamoo babu. Mzigo wako huo, toka juzi unanikalia hapa. Na usianze kuusomea hapo mlangoni, unanizibia wateja."

"Marahaba. Kaleta nani?"

"Wewe chukua kwanza, maswali utakuja nayo baadaye. Ukianza kuongea hapa mimi nitafunga duka."

Alishageuka kuhesabu maboksi. Nikatoka, nikafungua bahasha chini ya turubai la muuza soksi. Maji ya Bondeni! Nikatazama alama ninazozijua mimi, ile ya wino kwenye pembe ya jalada. Mbovu, tena safi. Nikamwambia muuza soksi, "Unakiona hiki? Wanaoweza kukutambulia hiki nchi hii tuko wawili, na huyo wa pili sijawahi kumwona." Akacheka. Nikafunua ukurasa wa tisa.

Uso ulikuwa umechorwa kwa kalamu ya bluu. Polepole, si mchoro wa mtoto anayecheza. Mashavu yaliyoingia. Pengo la juu. Na sikio la kushoto, lile la kiwandani, limefutwa kwa wembe na kuchorwa upya, halina ncha ya chini.

Sikio langu la kushoto halina ncha ya chini. Bati la kufungia robota la mitumba lilinikata nikiwa kijana nabeba mizigo. Siku hizi halionekani, maana navaa mzula, ile kofia ya sufu ya kufunika masikio, asubuhi mpaka jioni, kwa joto hili la Dar. Watu wananicheka na mimi nawaacha wacheke.

Anayeniona bila mzula, ukiondoa Mwajuma, ni Kombo kinyozi peke yake. Nikaenda kwa Kombo nimefura.

"Kombo, utani gani huu?"

Akaacha kichwa cha mteja nusu kimenyolewa, akakishika kitabu, akakisogeza mbali, akakisogeza karibu. "Mimi nichore hivi? Miaka yote hii nakunyoa kwa kubahatisha, hata kichwa chako chenyewe sijakijua kinaishia wapi." Mteja akacheka. "Ila ni wewe mtupu, Babu. Pengo hilo, sikio hilo. Tena afadhali hapa, hapa hujaanza kujisifu." Halafu akainamia tena. "Mbona kakuchora umesinzia?"

Nikamnyang'anya. Nikatazama.

Macho yamefumbwa.

Sikio mtu yeyote wa zamani wa Jangwani angeweza kulikumbuka. Pengo vilevile. Lakini macho, hayo hayamo kwenye hadithi yoyote niliyowahi kusimulia, na nimesimulia nyingi.

Mwezi uliopita niliandika hapa hapa kwamba siku ya mafuriko niliokoa watu watatu. Wengine mkanipongeza, mmoja akaandika nipewe nishani.

Sikuokoa mtu.

Ilikuwa asubuhi, kumeshapambazuka, kila kitu cha karibu kinaonekana. Nilikuwa juu ya bati la nyumba niliyopanga. Mkokoteni wangu nilikuwa nimeufunga kwa kamba ya katani, maji yanauvuta, mimi navuta huku. Mkokoteni ule ndio uliokuwa kula yangu na ndio uliokuwa jina langu pale sokoni, nilikuwa na mkokoteni wangu mwenyewe wakati wenzangu wanaazima. Bi Zuhura, jirani yangu, muuza vitumbua, alikuwa ng'ambo ya kichochoro, maji yamemfika kifuani, kashika nondo za dirisha la nyumba ambayo haijaisha kujengwa. Bintiye, Saida, alishampandisha juu ya ukuta.

Akaniita. "Kaka! Kamba! Nirushie kamba!" Aliita zaidi ya mara moja.

Ningeifungua, mkokoteni ungekwenda. Ni hilo tu. Nimelitafutia jingine la kuweka pembeni yake, miaka yote hii, sijalipata.

Nikamwambia, subiri. Nikafumba macho. Nilijidanganya kuwa nafumba kwa sababu ya mvua. Nilipofumbua, nondo za dirisha zilikuwa tupu.

Mtoto bado yuko juu ya ukuta. Hatazami maji. Ananitazama mimi.

Waliomteremsha ni watu wengine, baadaye. Alikuwa na miaka tisa hivi. Nikasikia kachukuliwa na shangazi yake Tanga, nikasema moyoni, afadhali Tanga ni mbali. Mkokoteni niliusukuma miaka minne mingine.

Majirani waliokuwa kwenye mabati ya mbali waliona mtu, kamba na mkokoteni. Uso hawakuuona, mvua ilikuwa nzito. Nadhani ndivyo hadithi ilivyomfikia mchoraji. Kitabu kilipotoka nikanunua nakala, nikaona yule mnene wa ndevu, nikashukuru. Nikamwachia abebe yeye. Halafu siku moja, nikiwa nasubiri kunyolewa, nikamwona mtoto kwenye benchi ana nakala isiyo na uso, ameshika kalamu, ananikodolea huku anachora. Alinichora mimi? Hapana, alichora paka. Lakini nilikinunua kile kitabu pale pale. Toka siku hiyo nazisaka. Pale peupe mtu anaweza kumweka mtu yeyote, hata mimi.

Basi huo ndio ukusanyaji wangu, wakubwa zangu wa Posta.

Nikarudi kwa Mama Neema. Safari hii sikumzibia mlango, nilisimama pembeni mpaka akaniona mwenyewe.

"Babu, unaumwa?"

"Nani kaleta?"

"Fundi Saida. Yule anayeshona magauni pale Mnazi Mmoja, ile baraza ya rangi ya kijani. Mwaka wa sita huu yupo pale, hata nguo za Neema za kipaimara alishona yeye. Alisema hivi: mpe Babu Katuni, mwambie kimekaa kwangu muda mrefu, sasa akae nacho yeye." Akanitazama. "Mnafahamiana?"

Nikasema, "Kidogo."

Mwaka wa sita. Kutoka kitandani kwangu mpaka baraza ile, mtu mwenye goti zima anafika kabla chai haijapoa. Nimepita pale na mzula wangu sijui mara ngapi, nimebeba katuni kwapani, naongea kwa sauti ili watu wajue ni mimi.

Alasiri nikaenda. Nikasimama ng'ambo ya barabara, mlangoni pa duka lililofungwa. Nikamwona. Mwanamke mzima sasa, miwani kwenye ncha ya pua, mguu kwenye cherehani, magauni yametundikwa barazani yanapepea. Akikata uzi anaukata kwa meno, kichwa kimelala upande mmoja. Bi Zuhura alikuwa akilala kichwa hivyo hivyo akigeuza vitumbua, kukwepa moshi.

Mvua ikaanza. Akainuka haraka kuanua magauni, na pale akaniona.

"Shikamoo babu! Mbona unalowa? Sogea huku barazani."

"Marahaba, mwanangu."

"Sogea basi. Nafasi ipo."

Aliniita mara mbili. Mkono wake alikuwa ameunyoosha, na gauni la mtu limening'inia mkononi.

Nikauvuta mzula mpaka chini ya sikio. Nikamwambia nina haraka. Mimi, mtu ambaye sina pa kwenda toka mwaka ule nilipoacha kubeba mizigo. Nikaondoka, mvua yote ikaniishia mimi.

Sijui kama alinijua. Kama hakunijua, basi anamwita yeyote anayelowa. Kama alinijua, aliniita mimi. Nimekaa hapa toka nimefika, na nguo mbichi mwilini, najaribu kuamua ni lipi gumu zaidi kulibeba, na nashindwa.

Nimezitandaza zote mkekani, zimefunuliwa ukurasa wa tisa. Wa miwani, wa pembe, paka, mwalimu wa watu mwenye tai. Thelathini na saba wananikodolea. Mmoja tu hanitazami.

Mwajuma, ukisoma hapa usinipigie, na usije mbio. Wala usifute ile ya watu watatu. Iache ikae, na hii ikae chini yake, watu wasome zote mbili.

Mzula nimeutundika msumarini. Kesho nakwenda kichwa wazi, sikio nje, na kitabu chake mkononi. Nitakaa pale pale barazani alipotaka nikae. Sijui nitaanza na neno gani, maneno yangu mengi nimeshayatumia kujisifu. Labda nitamwambia tu mkokoteni niliusukuma miaka minne.

Halafu atanitazama. Na mimi, safari hii, sitafumba.